Ushuhuda Wangu Kinywani mwa Wilmer

Shangazi Corliss mpendwa,

Huku Honduras mvua haikatiki, na rangi ambayo sisi wa misheni tulipaka kanisani inachuruzika. Nimechoka.

Jumapili nilitoa ushuhuda. Nilisema kweli: tangu Mama afariki siombi tena, nafumba macho tu. Kihispania sikizungumzi ila nakielewa, nikamsikia mkalimani wetu, Wilmer, akitafsiri kwamba Bwana amenifariji. Watu wakashangilia, wanawake wawili wakaja mbele kuokoka.

“Umewadanganya,” nilimwambia baadaye.

“Wee dada! Watu wamekanyaga matope hadi magotini, niwarudishe na kilio chako?”

Baba amezisikia habari za faraja hiyo na za wale wawili waliookoka. Anataka nitoe ushuhuda uleule madhabahuni, katika kanisa analochunga, nikirudi nyumbani. Huko hakuna wa kunitafsiria. Siku hiyo, Shangazi, keti karibu na Baba.

Mwanao,
Maribeth