Sanduku Nyuma ya Simba wa Sura ya Mbuzi

Jumanne, 18 Februari 2025

Séphora, mutoto wangu, ametuma picha ingine. Eko Uingereza, kule ku mashamba. Eti kila kijiji iko na panneau yake, kibao ya jina, ya kupamba: huku bata, huku jembe, huku askofu na tumbo sawa mimba. Na pembeni ya panneau bantu banafichaka sanduku ndogo! Bengine banakuja na telefone, banatafuta. Ukikuta, unakamata kitu, unaacha kitu. Basi. Géocaching, anaita vile. Bazungu bazima, na akili yao!

Nacheka, lakini na sisi tuko na yetu. Séphora aliificha mwaka jana, likizo ya Pasaka, nyuma ya panneau ya mutaa wetu hapa Kampemba. Bijana ba kanisa njo balichora ile panneau: cheminée, bomba ya moshi ya kiwanda, na simba. Simba ana sura ya mbuzi. Muchoraji anasalimiaka bantu bote kasoro mimi, tangu siku nilimuuliza kama inatoa maziwa.

Ijumaa, 21 Februari

Muhindo, mudogo wangu, amepiga simu toka kwetu Lubero. Nyuma yake mulio — nilifikiri mvua inapiga mabati. Si mvua. Anasema bunduki ziko karibu, kesho anatoka. Atazunguka na Uganda, malori kwa malori, mpaka ku mupaka pa Kasumbalesa, kisha hapa.

Eti: Yaya, kaka mukubwa, sitabisha kwako. Nitapitia kwanza ku sanduku.

Njo yeye! Inchi inaungua, anawaza michezo.

Lakini Kahambu, muke yake, hataki kutoka. Anasema nyumba ni yake, hakuna mutu atamufukuza. Ufunguo anauvaa mu shingo na kamba ya bluu. Hata bwana yake anaombaka ruhusa ya kuingia. Nikasema, nipe huyo shemeji, nimutukane kidogo, atasikia. Simu ikakatika.

Jumapili, 2 Machi

Telefone ya Muhindo haiite. Ya Kahambu vilevile. Redio inasema majina ya vijiji sawa vile banaita batoto ku masomo.

Dame yetu, ule ubao ya muchezo, ingali juu ya kabati. Tulikuwa tunacheza na Muhindo ile Pasaka alitutembelea: mimi vifuniko vya bia ya Simba, yeye vya Fanta, juu ni mulokole, hanywe pombe. Kifuniko kikivuka ubao wote mpaka upande ya pili, unakigeuza, kinakuwa mufalme. Chake kimoja kilibakiza nafasi moja tu! Lori yake ikapiga honi. Akakitia mu mufuko: eti, ili usinichezee nyuma, Yaya, mi nakujua.

Mimi! — Leo nimesogeza kingine chake. Kidogo tu.

Alhamisi, 13 Machi

Mama Marceline anauzaka mikate ya kukaanga pale karibu na panneau. Leo ameniuliza: Papa Kakule, kila asubuhi unainama nyuma ya ile mbuzi. Unazika nini?

Nikamujibu: Mama, sisi balozi, sisi bachawi, hatusemake.

Kosa! Saa sita nakuta sanduku imejaa maji. Maji ya baraka, ya parokia, Marceline amemwaga chupa nzima! Karatasi ya majina ya benye kukuta sanduku imekuwa bukari, ugali kabisa. Ndani kulikuwa pia na njugu zangu. Sasa ziko takatifu.

Ikabidi nimuelezee kweli yote. Muhindo. Kahambu. Bunduki. Akapangusa sanduku na kitenge yake, akairudisha yeye mwenyewe, akaweka mukate moja ndani. Eti, kama anafika na njaa.

Panya alishukuru sana.

Jumatatu, 24 Machi

Hakuna kitu.

Jumamosi, 29 Machi

Sanduku imefunguliwa! Ndani, briquet mupya, ya kuwasha moto. Nikashika muguu ya panneau.

Marceline akapiga kelele toka ku mafuta yake: Si yeye, Papa! Ni muzungu moja wa mutaa ya Golf, na telefone yake. Alizunguka pale sawa kuku anatafuta pa kutaga.

Briquet iko muzuri. Nimekamata. Nimeacha pilipili.

Jumapili, 6 Aprili

Niko naandika hapa, chini ya simba, juu ya magoti.

Asubuhi nilifungua. Kifuniko cha Fanta. Kimegeuzwa.

Amevuka ubao!

Marceline alikuwa anarukaruka: Muzee na fimbo, Papa, viatu ya mutu mwingine, kubwa! Alikula mikate tano amesimama. Nikamuomba makuta, pesa yangu, akasema mwenye mbuzi atalipa.

Nilicheka mpaka machozi. Njo yeye, njo yeye kabisa. Nikalipa. Marceline akakataa, akanirudishia mu mufuko wa koti.

Kisha nikaona chini ya kifuniko kuna kitu. Ufunguo. Kamba ya bluu.

Nikauliza: alikuwa na mama moja, mufupi, mukali? Marceline akasema hakuona, mafuta yalikuwa ku moto. Aliona tu muzee anarudi kule malori yanasimamaka. Eti kuna kitu bado anaenda kuleta.

Kitu. Mizigo? Mutu?

Kahambu hatoe ile ufunguo. Hata kuoga hatoe. Ao alimupa mu mukono, ashike wakati yeye anapanda lori? Ao —

Nimeenda kuleta dame nyumbani. Nimeipanga hapa chini. Kile kifuniko nilichosogeza, nimekirudisha pahali pake. Sasa anakula vitatu vyangu kwa mara moja, ule mulokole. Akule.

Masharti ya mchezo: unakamata, unaacha. Kifuniko nimekamata. Ufunguo sijaugusa.

Marceline ananiambia: Papa, kula hata nusu. Ile mukate alinipa iko inabaridi mu mukono yangu.

Lori imepita, vumbi. Mutu anatokea ku kona na fimbo. Ule mwendo wa bata naujua toka utoto. Anainua fimbo, ananitukana toka mbali, nasikia sauti.

Sijibu. Naangalia nyuma yake, kama kuna mama mufupi. Vumbi haijashuka bado.