Tulihesabiana Kipande cha Saba

Jumatatu, 4 Agosti

Kipande cha Saba leo: aina kumi na moja za ndege. Mwaka jana kumi na nne. Mwaka nilioanza, kumi na tisa! Hekta nne tu za msitu, miwa pande tatu, barabara upande wa nne. Upepo unaingia unavyotaka, chini kunakauka. Ndege wa chini havuki shamba la miwa hata kwa dawa. Anayekufa hapati wa kushika nafasi yake. Basi.

Lakini yule wa kifua cha kahawia kaniitikia. Nimewasha spika yenye mlio wao uliorekodiwa, mara moja tu, akaja mpaka mita tatu! Nikatabasamu peke yangu kama mwehu. Wa kwanza kunijibu tangu Ijumaa — na si mtu.

Jumatano, 6 Agosti

Mama Ramani kapiga simu — yule anayechora mpango wa hifadhi huko makao makuu. Furaha tupu. Saba na Nane zimo! Utapandwa ushoroba, ukanda wa miti wa kuziunganisha na msitu mkubwa, ndege wapite. Kilichowashawishi ni hesabu yetu ya Machi: wa kifua cha kahawia wawili Saba, mmoja Nane. Watatu wanaweza kuzaana, anasema. Angekuwa mmoja, vipande vyote viwili vingefutwa, mwenye shamba aendelee kulima. Saini Ijumaa ijayo.

Nimepika chakula cha watu wanne, kusherehekea. Nimekula mwenyewe, nimesimama.

Mdogo wangu naye kapiga. Dada, huyo ndege akileta posa usitufiche. Nimecheka kweli. Alipokata, nikaacha bomba la jikoni lidondoshe maji, angalau kuwe na sauti.

Alhamisi, 7 Agosti

Redio kaja ofisini kunywa chai. Askari wetu wa msitu. Tunamwita hivyo kwa kuwa hazimiki. Porojo juu ya porojo. Mara anasimulia ile siku ya Machi: mawingu yalitanda, akaona atalowa bure, akaanza kuhesabu Nane saa kumi na mbili na nusu. Hakungoja saa moja, nimalize kwanza Saba, kama tulivyopatana.

Nikamuuliza: na spika uliwasha?

"Sasa mtaalamu, ningepiga mluzi kwa mdomo?"

Nikafungua daftari la Machi. Ndege wa pili, Saba: alisikika upande wa barabara, saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne. Ng'ambo ya barabara ndiko iliko Nane!

Nilichosikia mimi ni spika yake. Alichosikia yeye ni spika yangu. Tulihesabiana! Watu wazima wawili, tunajibizana miluzi ya ndege kuvuka barabara, kila mmoja anaandika kwa wino.

Redio kacheka mpaka chai ikampalia. Halafu akaniangalia usoni, akanyamaza. Mara ya kwanza tangu nimjue.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi tatu mfululizo. Spika moja tu. Mmoja anapiga, mwingine kakaa mikono mitupu. Nane: kimya. Saba: mmoja. Yuleyule, unyoya wa mkia umepinda.

Redio anasema tufunge midomo. Nani atajua? Miti ikishapandwa imepandwa, na vyura na vipepeo watapita humohumo. Si mjinga, Redio. Nusu nzima ya siku nilikuwa upande wake. Lakini miche ni ileile: ikija huku, Kipande cha Pili hakipati kitu, na kule wako tisa wa kweli, wana vifaranga.

Hapa hakuna wa kunisoma, acha niseme. Miaka sita naenda Saba. Sina mahali pengine ambapo nikichelewa kuna kiumbe anashangaa. Naogopa.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemwambia Mama Ramani. Akajibu: pole, mwanangu. Hakufoka. Bora angefoka!

Saba na Nane zimetoka. Miche inakwenda Pili. Ndege atanaswa, apelekwe msitu mkubwa. Kule wenzake wapo. Ni heri kwake, akasema.

Najua ni heri kwake. Nimelia jikoni kwa jambo la heri.

Ijumaa, 15 Agosti

Saba. Saa moja na robo, naandikia gotini. Mtegaji wa makao makuu ametandika wavu kati ya miti miwili. Mwembamba, huuoni hata ukiwa karibu. Redio ameshika mfuko wa kitambaa kwa mikono miwili, kama amebeba mayai.

Mtegaji kajaribu tangu kunapambazuka na spika yake. Wapi! Mlio aliokuja nao ulirekodiwa msitu mkubwa, na huyu wetu hana habari nao. Amekaa zake pembeni huko. Sasa hiyo ndiyo lugha ya wenzake anaokwenda kuishi nao. Nimemwambia mtegaji hivyo. Akasema atazoea. Pengine. Mimi nina miaka sita huku, sijazoea.

"Dada, weka spika yako," akasema mtegaji.

Nimeiweka nyuma ya wavu. Sijawasha. Na tayari amekuja! Namwona juu ya mzizi, mkia unacheza, kichwa upande. Anangoja nianze. Siku zote naanza mimi.

Mtegaji ameinua kidole: sasa.

Nimemwambia asubiri, kuna kitu naandika. Anauliza ni nini. Nikasema hesabu ya leo, sijamaliza —