Pumu, na Alama ya Kuuliza

Machi 4

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi baada ya kimya. Hujambo wewe, mume wako na kichanga wetu? Mimi sijambo, ila kifua hiki kimekataa kuhama. Nimekwenda kwa daktari wa kituo cha afya kama ulivyonisisitiza. Foleni ilifika hadi barabarani. Akanisikiliza mgongoni, akasema huenda ni pumu, akaniandikia barua ya rufaa niende hospitali kuu.

Leo nimeonana na daktari wa kifua, mwanamke wa makamo, mpole. Alifungua barua, akaigeuza aone kama nyuma kuna zaidi. "Mama, hapa pameandikwa, 'Pumu? Naomba aonwe.' Basi. Ulianza lini? Umetumia dawa gani? Ulipulizishwa kipimo cha pumzi?" Nikamwambia ni kikohozi tu, kinakuja na kuondoka. Akanipa vidonge na tarehe ya mbali. Usijali, bibi yako naye alikohoa mpaka uzeeni.

Wenzangu wanakusalimu. Tumepata oda ya magodoro ya bweni la wasichana, karakana imejaa pamba hadi mlangoni.

Mama yako


Machi 19

Mama yangu,

Shikamoo. Huku wazima, mkweo anakusalimu.

Barua kama hizo tunazipokea hapa kliniki kila mara. Mgonjwa ametoka mbali, watoto kawaacha kwa jirani, mkononi kashika neno moja na alama ya kuuliza. Daktari wetu anabaki kupapasa gizani, na mgonjwa anarudi nyumbani alivyokuja. Rudi kituoni, Mama. Mwombe aandike kifua kinabana wakati gani na ukiwa wapi, kama kinapiga miluzi, dawa ulizokwisha kunywa, nani katika ukoo ana pumu, na kazi unayofanya.

Halafu nina swali. Nilipojifungua ulikaa kwangu mwezi mzima. Mbona sikukusikia ukikohoa? Huyo daktari anajua kwamba unashona magodoro?

Mwanao, kifungua mimba wako


Aprili 27

Mama,

Shikamoo. Hali yako? Hujanijibu, na nikipiga simu unasema "tutaongea" unakata. Kama swali langu lilikukosea adabu, niwie radhi. Lakini nijibu.

Mwanao


Mei 16

Mwanangu,

Sasa sijambo, kwa hiyo soma ukiwa umetulia.

Hukunikosea. Uliuliza jambo nililokuwa nalikimbia. Daktari wa kituo aliponiuliza kazi, nilimjibu, "Niko nyumbani tu." Jumapili napumua kama msichana. Jumatatu nikianza kuchambua pamba, kifua kinafunga. Nilijua nikilitamka hilo wataniambia niache, na karakana ile tuliianzisha na marehemu baba yako, wewe ukiwa unatambaa juu ya magunia.

Mwisho wa mwezi uliopita nilianguka juu ya magodoro ya bweni. Wenzangu wakanibeba mpaka hospitali kuu, midomo imebadilika rangi. Muuguzi akafungua faili langu, akakuta lile neno moja. Akaniuliza natumia dawa gani, nami sauti sina. Mficha maradhi, unajua mwenyewe kinachomuumbua. Safari hii kilinikosa kwa kidogo tu.

Nilipotoka nilirudi kituoni nikamweleza daktari yote. Ni kijana, macho mekundu kwa uchovu.

"Mama, mbona hukuniambia haya?"

"Nawe mbona hukuniuliza mara ya pili?"

Hakukasirika. Nje watu walikuwa wananung'unika, akaenda kufunga mlango, akavuta kiti karibu. Nikapuliza kipimo, nikavuta dawa, nikapuliza tena. Akaandika ukurasa mzima, kisha akanisomea, na palipokosewa nikamsahihisha. Akasema, "Wale wengine wote niliowaandikia..." Hakumaliza. Nami sikumsaidia kumaliza.

Daktari wa kifua aliisoma barua yote kabla ya kuniangalia. Ni pumu, na vumbi la pamba ndilo linaloiamsha. Nimepewa dawa ya kuvuta asubuhi na jioni. Akasema pamba niiache.

Sijamjibu.

Mama yako


Mei 30

Mama,

Shikamoo. Nimelia, nimenyamaza. Hapa pana chumba, na mjukuu wako sasa anacheka akisikia sauti. Njoo ukae nasi. Sitakuhimiza zaidi ya hapo.

Mwanao


Juni 22

Mwanangu mpenzi,

Natumai hamjambo. Nitakuja kuwatembelea, kuhamia hapana. Mtu hang'oki kwenye kila kitu kwa mwaka mmoja.

Karakana nimewaachia wenzangu. Cherehani ndogo nimeileta nyumbani, nashona mashuka na mapazia. Kazi si mbaya, ila haina kelele, na mimi nimezoea watu wa kubishana nao tangu asubuhi.

Jana nilipita pale kwa upande wa pili wa barabara. Walikuwa wanashusha pamba mpya. Wakaniona, wakaniita niingie. Nikawapungia mkono nikaendelea na safari. Nililia njia nzima mpaka nyumbani, mwanangu, na kifua hakikubana.

Mama yako