Redio Ilisema "Mume wa" Halafu Ikanyamaza

Ikanyamaza hapo hapo, Nyar Sondu. Ilisema "mume wa" na haikusema nani. Nikaipiga mgongoni kama mtoto amekwamwa na mfupa wa samaki, haikutoa kitu. Felistas alikuwa na mimi, alisikia na masikio yake. Felistas ndiye anaandika hii barua. Anauza mandazi hapa kambini ya wavuvi na alifika darasa la saba.

Sasa ananiambia barua haianzi hivyo, lazima kusalimia watu kwanza. Haya. Mke mwenzangu Nyar Sondu, uko namna gani? Miguu imeacha kuvimba? Ile ng'ombe nyekundu imezaa, ama bado inatudanganya na hilo tumbo? Sisi huku kisiwani tuko, tunakula, tunalala. Na Mzee wetu. Hiyo salamu ndiyo imekaa kwa koo yangu siku nne. Niambie Mzee Oduor anapumua.

Unajua vile nilitoka. Mzee alikuwa anakohoa lakini anakaa kwa kiti, anatukana kuku. Vile Otieno alituma habari kwamba mtoto wake amepewa jina la baba ya Mzee, yeye mwenyewe ndiye alinisukuma. "Enda uone baba yangu," akasema, "uniambie kama bado ana masikio makubwa." Ako nayo, mwambie. Kama majani ya nduma. Nikasema wiki mbili narudi. Halafu haya majani ya ziwa yakakuja, haya yenye maua mazuri ya kudanganya watu, yakafunga gati yote. Unaamka asubuhi unaona shamba pale palikuwa maji. Mtumbwi wa mwisho wenye uliingia, mwenyewe alisema amesikia Mzee amepelekwa hospitali Kombewa. Nikamuuliza anatembea ama amebebwa? Akasema, "Mama, mimi nilisikia tu." Tangu hapo hakuna mtu ameingia.

Mimi sasa nalala kwa hema. Usicheke. Otieno ako na nyumba ya mabati ya chumba moja, na wewe unajua mama halali kwa nyumba ya kijana wake mwenye ameoa. Kwa hivyo akanisimamishia hema nje, ile waliacha wale wazungu wa kuhesabu samaki. Walipiga kambi hapa miezi miwili, Otieno akiwapikia na kulinda vitu. Watu wazuri lakini wanakula saa zote. Walimwachia hema na ile sola yao.

Hiyo sola wacha nikuelezee, maana ndiyo imeniletea shida. Ni kama sanduku ya nguo. Unafungua inakuwa vioo vinne vyeusi vyeusi, unalaza chini inaangalia jua, waya inaenda kwa betri, betri inapatia redio na taa na zile mashini zao za picha. Unaikunja, unabeba kwa mkono kama mtu anaenda Kisumu. Hakuna moshi, hakuna kelele. Mimi nilikuwa naiogopa, nilikuwa naizunguka mbali. Lakini mawe ya betri yameisha dukani kwa sababu ya haya majani, na redio nyingine hapa zote zimelala. Hii moja tu ndiyo inaongea. Kwa hivyo kila siku saa tisa, wakati wa kutangaza watu wamekufa, nakaa kwa mlango ya hema na Felistas, nasikiliza nimefunga macho kama mtu anangoja kudungwa sindano. Ikiisha bila jina letu, nakunywa chai.

Sasa sikia ujinga yangu. Wanawake wa hapa wanaanika omena, hizi samaki ndogo ndogo, kwa nyavu kwa mchanga, kuku wanakula nusu. Mimi nikaguza ile kioo ya sola, nikapata iko moto, laini, haina mchanga. Nikasema, kumbe. Nikamwaga omena beseni moja hapo juu nikatandaza vizuri. Zikakauka, Nyar Sondu, hujaona omena imekauka hivyo. Kesho yake nikaweka tena. Siku tatu mimi najisifu. Wanawake wananiuliza, mama, omena yako inakaukia wapi? Nawaambia ni jua tu.

Siku ya tatu saa tisa tukakaa. Redio sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mgonjwa. Nikasogeza sikio. Ikasema, "Tunasikitika kutangaza kifo cha Mzee Oduor, wa Seme, karibu na Kombewa, mume wa." Basi.

Felistas aliniangalia. Akasema, "Mama, Oduor Seme ni wengi. Hata mandazi nikichoma, naweza kuchomea Oduor kumi." Alikuwa ananitia moyo. Lakini alikuwa anamimina chai na kikombe ilikuwa imejaa kitambo.

Otieno alipotoka kwa nyavu nikamwambia tu redio imekufa, hayo mengine sikusema. Jambo kama hilo ukilisema kwa mdomo ni kama umeliita. Akaenda kwa sola, akasimama. "Mama, nani ameanika omena hapa?" Nikasema ni mimi. Akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, hii kitu inakula jua. Umeifunika uso na samaki." Halafu akaona uso yangu akawacha kucheka. Akaosha magamba na mate ya samaki na kitambaa. Na siku hiyo hiyo mvua ikaanza. Siku tatu mawingu, Nyar Sondu. Sola imelala chini inaangalia mawingu, na mimi naangalia sola.

Sasa kitu yenye inanila, na wewe ndiye naweza kuambia, kwa sababu tumepika kwa jiwe moja miaka mingi. Kama ni yeye, basi mimi ni mjane na sijui. Mjane haingii kwa nyumba ya watu kabla hajafanyiwa mambo ya kwetu. Na mimi nilikuwa naingia, naguza sufuria, nashika mtoto wa wiki tano kifuani. Kama chira iko, ile laana ya kuvunja mwiko, imeenda wapi? Imeenda kwa mtoto. Tangu siku hiyo sijavuka mlango wa Otieno na sijashika mtoto. Nakaa kwa hema, nakula na sahani yangu.

Mke wa Otieno, Akinyi, alikuja jana kwa mvua na mtoto kwa mgongo. "Mama, nimekukosea wapi?"

"Hujanikosea."

"Basi mshike kidogo nipike."

"Nina homa."

"Homa gani inakuja siku mtoto analia?"

Akaenda. Nilisikia akimwambia bwana yake kwamba mama yako amenichukia. Na mtoto jana alikataa kunyonya, usiniulize nilikuwa namna gani.

Hii barua inabebwa na Okumu, mvuvi wa hapa, anaenda kesho kuvuta mtumbwi juu ya majani na kamba mpaka maji. Nilimwomba anipeleke. Akasema, "Mama, ukizama humo ndani nitamwambia Otieno nini?" Naogopa pia, siwezi kudanganya. Chini ya hayo majani kuna nyoka.

Sasa kuna hii ufunguo. Ya nyumba yangu, iko kwa shingo yangu na uzi. Mimi ndiye mke wa kwanza. Kama Mzee ameenda, mwili unaingia kwa nyumba yangu, haiingii kwako, na mlango umefungwa. Wanaume watavunja. Sitaki mlango yangu ivunjwe siku hiyo. Lakini nikiweka ufunguo ndani ya barua, si nimesema kwa mkono yangu kwamba amekufa? Felistas ananiuliza tangu asubuhi, tuweke ama tusiweke. Kama ako hai na anaona ufunguo inatoka kwa bahasha, atasema nini?

Salimia shemeji yetu yule mwenye kushona viatu hapo soko ya Kombewa. Salimia mama wa kanisa mwenye kunishikia kuku, umwambie ile yenye shingo tupu ni yangu, asiipoteze. Salimia msichana wetu wa Migosi, akija. Mzee usimsalimie. Mwangalie tu, kwa niaba yangu, kama macho yake iko wazi.

Leo jua imetoka. Tangu asubuhi sola iko juu ya jiwe na mimi nimefukuza kuku na watoto na kivuli. Watu wa redio husema tangazo wanarudia mpaka siku ya kuzika.

Ngoja. Otieno ananiita. "Mama, imeshika, kuja, ni saa tisa." Nasikia inaongea kabisa, sauti kubwa. Felistas, andika ni mimi, Mama Otieno. Bahasha usifunge. Nikirudi nitakwambia kama ufunguo inaingia ama inabaki kwa shingo.