Matope Nyeusi ya Bwawa ya Pili

Lundi, 4 mars
Mashini ya kupuliza hewa imezuiliwa ku barrière ya basoda kule Beni, siku ine sasa. Basoda banasema inafanana na bombe. Nikabaambia: hapana, ni ya kusafisha maji ya mavi. Mukubwa wabo hakucheka. Nimefika Kampala, nimefika Dubai, mutu wa kukosa kucheka mavi sijaonaka.

Mercredi, 6 mars
Bameiachilia. Butembo itanijua. Mavi ya soko na ya hospitali inapita mu mabwawa yangu matatu, kisha inashuka mu kamuto. Chini kule, batu ba Kalunguta benye kukimbia vita banachota maji, banafunga pua. Batoto yabo banaharisha. Ninatania, mais niko na haraka.

Jeudi, 7 mars
Mashini mupya haiingie mu bwawa chafu. Tumekausha ya pili, tumetoa matope nyeusi yote. Mama Kavira, mwenye shamba ya mashu, kabichi, akaibeba mbio ku shimo yake ya mbolea, mbele ya mimi kugeuza akili. Tukasugua na javel, dawa kali ya kuua vidudu. Kitabu ya mashini iko mu Kichina. Haizuru, mashini najua.

Lundi, 18 mars
Bwawa imejaa. Mashini inaimba vizuri. Inanuka kuliko zamani. Donc nikaongeza javel.

Jeudi, 21 mars
Javel kila asubui. Sasa inanuka mavi na javel. Mutoto mwingine wa Kalunguta ameingia hospitali. Nimechoka na mashini, na Bachina, na basoda. Na mimi mwenyewe.

Vendredi, 22 mars
Nililalamika karibu na mutungi ya muke wangu Masika, anapika kasiksi, pombe ya ndizi. Akauliza kama nilisugua bwawa na javel. Ndiyo.
"Papa Muhindo, nani anasafishaka mutungi ya kasiksi na sabuni? Masira, ile machicha ya chini, ndiyo inachachusha pombe ingine. Ulitupa chachu, unapuliza maji ya bure."
Nikainama kuangalia chini ya mutungi. Mimi, mutu wa Dubai.

Samedi, 23 mars
Nimeacha javel. Nimeenda na brouette, toroli ya mukono, kuomba matope yangu. Mama Kavira akacheka mupaka akaikala mu mashu.
"Angalia, amerudi na brouette kama mukwe mwenye kukosa mbuzi."
Matope ya chini ya shimo ilikuwa ingali mubichi. Akanipa, mais kwanza nilime mistari mitatu. Nikalima. Mugongo imekufa, mais matope imerudi mu bwawa ya pili.

Lundi, 8 avril
Harufu imepungua. Maji ya bwawa ya tatu inatoka bila weusi. Hakuna mutu alikuja kunipongeza.
Nikashuka ku kamuto. Mama moja wa Kalunguta alikuwa anachota. Nikamwambia achemshe, hata sasa. Akaitika. Akanusa bidon yake ya maji, akaiweka ku kichwa, akapanda kilima. Hakufunga pua.