Tumbo la Sajini

Jumatatu, 9 Juni 2025
Dkt. Mithika wa mifugo amekuja. Mbwa wetu Sajini anaharisha mwaka mzima sasa, na si minyoo — dawa amemeza mara tatu. Daktari anasema tumbo lake linakataa vyakula fulani. Kwa hivyo: wali na kuku wa kuchemsha, bila chumvi, bila mafuta. Kingine chochote, hapana! Mume wangu Kaimenyi naye ametoa yake: mwisho wa mwezi ukifika bado hali ni hii, mbwa ataenda Kiritiri kwa rafiki yake Ndambiri, akachunge mbuzi. Na jua la kule, na manyoya yale! Sikubali.

Binti yangu Kajuju ameuliza kwa nini mbwa anakula kuku na sisi githeri, mahindi na maharagwe tu.

Alhamisi, 12 Juni
Asubuhi, choo cha Sajini bado ni uji mtupu. Kuna mtu anamlisha. Na ninamjua — baba mkwe, anayekuja kila saa nne kunywa chai. Nikamwambia kwa heshima (si heshima nyingi) asimpe mbwa kitu. Akasema amefuga mbwa kabla sijazaliwa. Akaacha chai nusu kikombe, akaenda.

Jumatatu, 16 Juni
Aibu yangu. Nilikuwa nakamua ng'ombe. Maziwa ya kwanza huwa hayaingii ndoo, ni ya kumwaga, basi mimi huyarusha pembeni na Sajini huyadaka hewani. Mwaka mzima sasa, kila asubuhi. Leo mkono ukakwama kwenye chuchu. Kumbe ni mimi!

Nikampigia daktari. Alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia alikataza chakula, na maziwa hayo si chakula, ni ya kumwaga. Akacheka tena.

Alhamisi, 19 Juni
Siku tatu bila maziwa. Choo kigumu! Nimemwita Kaimenyi aje aone, amesema yeye yuko mezani anakula. Nimefurahi mno, ila Mzee, baba mkwe, hajakanyaga hapa wiki nzima, na saa nne ikifika moyo unaniuma.

Jumamosi, 21 Juni
Nimebeba thermos ya chai mpaka kwa Mzee, Sajini nyuma yangu. Nikasema yote: Baba, nilikukosea, mwenye makosa ni mimi na maziwa yangu. Alisikiliza bila kunikatiza. Akasema amenisamehe, tuombe. Yeye ni mzee wa kanisa, maombi yake hayana haraka. Akawaombea wanaosingizia wenzao, mmoja mmoja. Nikainamisha kichwa zaidi.

Nikasikia karatasi ikichakacha. Nikafungua jicho moja. Sajini ameingiza mdomo wote kwenye mfuko wa koti la Mzee, wa kushoto — wa kulia hata hakuunusa — na anatoka na andazi, mkia ukicheza.

Mzee alikuwa amefungua jicho moja pia. Tukatazamana.

"Mama Kajuju," akasema, "funga macho. Sijamaliza kuomba."