Kopo la Mama Cibalonza

Goma, Mapendo, 6 Aprili 2025

Mutoto wangu Cibalonza,

Asinge, nakusalimu kwa lugha yetu. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Liège na kwamba yale mafua yamekuacha. Mimi sijambo, ni magoti tu yananisumbua, na hayo unayajua tangu ulipokuwa shule. Jirani yetu Saumu anakusalimu. Ndiye atakayeipiga picha karatasi hii kwa simu yake na kukutumia, kwa hiyo ukiona kidole pembeni, ni chake.

Nikueleze jambo kabla hujalisikia kwa wengine. Unajua kwamba wakati wa vita ya mwezi wa kwanza, sisi wamama wa parokia tuliwaosha wanawake na watoto waliokufa hapa mtaani. Wengi hatukuwajua, walikuwa wakimbizi, na tulizika haraka haraka. Kila mmoja nilimkatia kipande kidogo cha nguo aliyokuwa amevaa, nikakifunga pamoja na karatasi inayosema alikutwa wapi na amelazwa wapi, nikaweka ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nilisema, iko siku mtu atakuja kutafuta mke wake au dada yake, na kitenge cha mtu wako huwezi kukisahau. Mpaka leo wamekuja kumi na mmoja.

Mmoja wao ni Baharanyi, fundi wa pikipiki anayekaa nyuma yetu. Vita ilimkuta Rutshuru, na mke wake Akonkwa nikamwosha mimi. Sasa juma lililopita mtoto wao mdogo amekufa kwa homa. Baharanyi alikuwa amempeleka kwenye chumba cha maombi, na huko waombaji wakamwambia kuna mtu anashikilia nguo ya nyumba yake. Jumanne akanikuta kwenye robine ya maji, watu wamepanga bidoni zao, akapaza sauti: "Mama Cibalonza, weye ndiye ulikula mutoto wangu! Mulozi!"

Sikukimbia. Nilirudi nyumbani nikaleta kopo, nikalifungua mbele ya wote na mbele ya chefu wa avenyu anayeongoza mtaa wetu, nikasoma karatasi moja moja. Nilipofika kama ya ishirini, mama mmoja akapiga kelele, kwa sababu kitenge kilikuwa cha dada yake. Baharanyi akakaa chini kwenye mawe. "Mama, unisamehe," akasema. "Haikukuwa miye, ni machungu ndiyo ilikuwa inasema." Nikamwinua. Leo ni siku ya tano ananibebea maji asubuhi, bidoni mbili, na ananichosha kwa kuomba msamaha. Mambo yamekwisha. Nimekueleza ili usiogope.

Mama yako,
Nabintu


Liège, 21 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana, pamoja na Saumu na kidole chake. Magoti unayapaka ile dawa niliyokutumia, au umeigawia mtaa mzima? Mimi ni mzima. Kazini ni yale yale, naogesha wazee. Kuna bibi mmoja wa miaka tisini anayeshikilia kwamba jirani yake wa chumba anamroga, na kila asubuhi ananiomba nimwage chumvi mlangoni. Binti yake anacheka tu. Mimi namwaga.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikilia. Hapa hakuna anayejua jinsi mlivyozika. Kuna bwana mmoja, Mbelgiji, anatengeneza filimu juu ya Goma. Nilipomweleza kopo lako alitoa daftari akaandika kila neno. Anaomba niisome barua mbele ya kamera, kwa Kiswahili chetu, na umtumie picha yako ukiwa na kopo. Labda na wengine waliopotelewa wataiona. Unaruhusu?

Mutoto wako,
Ciba


Goma, 4 Mei 2025

Mutoto wangu,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia u mzima, na dawa ya magoti sikumgawia mtu, nimempa Saumu kidogo tu. Amenipiga picha mara sita na mara zote nimefumba macho. Tunakutumia ya saba.

Ruhusa nimekupa, lakini unisikilize vizuri. Barua ile uisome yote. Ukisoma neno la Baharanyi, usome na vile alivyokaa chini, na maji aliyonibebea. Neno lile tumelimaliza sisi wenyewe hapa, bila msaada wa mtu. Huyo bwana hamjui Baharanyi. Ataona mjinga anapiga kelele, kumbe ni mtu aliyefiwa na mke na mtoto katika miezi mitatu. Watu wanaoamini ulozi tunao, na mimi mwenyewe usinibane sana kuniuliza ninaamini nini. Lakini hatuamki kila siku kufukuza wamama. Mwambie hivyo, aandike.

Wamekuja wengine watatu, kutoka Sake. Wamepata watu wao.

Mama yako,
Nabintu


Goma, 12 Oktoba 2025

Mutoto wangu,

Salamu. U mzima? Tangu mwezi wa sita hujaniandikia. Nilisema ni kazi, nikakutetea kwa Saumu. Sasa nimejua.

Filimu imefika. Wamekata kipande cha dakika mbili na kinapita kwenye simu za watu mpaka bandarini Kituku, kwa wauza dagaa za sambaza. Mama mmoja alikuwa akiwaonyesha wenzake, akanipa na mimi nitazame, kisha akaniangalia usoni na kuninyang'anya simu. Kuna picha yangu na kopo. Kuna ngoma zinalia, sijui wamezitoa wapi, maana siku ile kulikuwa kimya. Kuna maandishi ya Kifaransa: Goma, mji wa walozi. Hayo wengi hawayasomi. Lakini sauti ni ya Kiswahili, na ni yako. "Mama Cibalonza, weye ndiye ulikula mutoto wangu! Mulozi!" Inaishia hapo. Karatasi hazimo, maji hayamo.

Nilikwenda kwa Baharanyi nikamwomba awaeleze watu. Akatazama chini. "Mama, ile maneno nilikuwa niliiacha kabisa. Lakini mutoto yako wa kuzaa, aiseme vile mbele ya bazungu? Yeye anakujua kunipita miye." Nikarudi nyumbani na swali lake. Asubuhi ya leo nilipofika kwenye robine wamama waliondoa bidoni zao. Saumu peke yake ndiye anayeingia kwangu.

Nipe jibu wewe. Uliisoma yote?

Mama yako,
Nabintu


Liège, 14 Oktoba 2025

Mama mpendwa,

Sijui nikusalimu kwa mdomo gani.

Niliisoma yote, nakuapia. Aliyekata ni yeye. Lakini nimejua tangu mwezi wa sita. Walituonyesha filimu ukumbini, nikaona ilivyokatwa, na sikusimama. Nikueleze ukweli. Kabla ya filimu walinipa dakika kumi niongee juu ya vita na juu ya wale mliowazika. Watu walikuwa wanatazama simu zao. Filimu ilipofika kwenye neno lile, wote wakainua vichwa. Baadaye mwanamke mmoja akanijia, akanishika mkono, akauliza, "Kwenu wako wengi?" Nikasema, "Wako." Mama, nilitaka tu aendelee kuniangalia. Miaka minne niko hapa na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu juu ya Goma.

Yule bibi wa chumvi bado ananiomba chumvi. Hakuna aliyemletea kamera.

Nimemwambia bwana huyo aifute. Anasema kile kipande kimeshatoka mikononi mwake. Nimerekodi sauti nyingine, nimeeleza mambo yote tangu mwanzo, nimemtumia Saumu aisambaze. Lakini wewe ondoka kwanza, uende Bukavu kwa shangazi. Nisamehe, Mama.

Mutoto wako,
Ciba


Goma, 26 Oktoba 2025

Ciba,

Sauti yako mpya Saumu aliipigisha pale robine, akaishikilia simu juu watu wote wasikie. Wakasema ni mimi ninayekusemesha, kwamba hata Ulaya ninakufikia. Sasa lolote utakalosema ni mimi. Usitume nyingine.

Jana mchana walikuja kama kumi. Wengine niliwaoshea mama zao. Hawakunipiga, walinipa siku mbili niondoke mtaani. Walilichukua kopo, wakalichoma mbele ya mlango na kila kitu kilichokuwamo. Vilikuwa vimebaki vipande ishirini na saba ambavyo havijapata mwenyewe. Tangu jana najaribu kuandika kutoka kichwani nani amelazwa wapi, na nimepata tisa. Wale wengine sasa nimewapoteza mimi. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko kufukuzwa.

Baharanyi alisimama mbali akitazama. Kesho Saumu ananisindikiza Kituku nipande boti.

Mama yako,
Nabintu


Liège, 9 Novemba 2025

Mama,

Shangazi anasema hukufika kwake. Saumu anasema alikuona ukipanda boti. Hii ni barua ya nne ninayomtumia, labda utampigia. Sikuombi unijibu kitu kingine, niambie tu kwamba u hai.

Mutoto wako,
Ciba


14 Desemba 2025

Cibalonza,

Mimi ni mzima. Mahali sitaandika. Simu hii ni ya mpita njia na anaondoka nayo leo, kwa hiyo usijibu. Nakuandikia ili uache kunitafuta kwa watu, maana kila unayemuuliza anabaki na jina langu mdomoni.

Kwa shangazi yako sikwenda. Nilimpigia kabla boti haijatoka, akaniuliza kama ninakuja na lile kopo. Nikamwambia limechomwa. Akasema nyumba imejaa.

Nakaa kwa mjane mmoja kando ya ziwa, namsaidia kukausha sambaza. Ni mwema kwangu. Juma lililopita jirani yake alifiwa na binti wa miaka saba. Mama wa mtoto alikaa na mwili miguuni, hajui aanzie wapi, akatuuliza sisi wamama nani anajua kuosha. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko wote. Nikasema sijui. Walimwosha vibaya, mutoto wangu. Walimwosha haraka na maji baridi, wakamwachia povu masikioni, na mimi nimesimama pale nimeshika beseni. Najua Mungu aliniona.

Msamaha ulioniomba nimekupa, uupokee, usiniombe tena. Kwa umri wako huo na upweke wako huo, labda hata mimi ningesema "wako." Nalia nikikuwaza, si kwa hasira.

Ila kuna jambo ni vizuri ulijue kutoka kwangu. Hapa, kama kwetu, mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Siku niliyofika wamama waliniuliza waniite Mama nani, na jina lako ndilo linalosikika kwenye zile simu. Nikawaambia sikuzaa.

Nabintu